Baiskeli Iliyodunda Mlimani

Fundi alikuwa ametengeneza baiskeli kwa miaka thelathini na minane, lakini ya binti yake ilimshinda, na jambo hilo lilimkera kuliko alivyokubali kuonyesha.

Ilikuwa ya mtumba, ya kupandia milima, yenye shokapu ya nyuma, kifaa cha kumeza mishtuko, katikati ya fremu. Binti yake, muuguzi wa zahanati ya bondeni, aliinunua ili awafikie wagonjwa wa huko juu wasioweza kushuka. Kwenye mawe ilikuwa raha tupu. Balaa lilikuwa kupanda. Kila alipokanyaga pedali, sehemu ya nyuma ilididimia ikainuka, ikadidimia ikainuka, na nguvu zake zikaishia kwenye shokapu badala ya gurudumu. Alifika kwa mgonjwa wa kwanza miguu ikitetemeka, akakaa robo saa nzima ndipo aweze kufunga kidonda.

Siku moja, akivua viatu, akamwambia baba yake kwamba ataomba ahamishiwe kazi za ndani ya zahanati. Hakulalamika, alisema kama mtu aliyekwisha kukata shauri. Fundi alijua kwamba huko juu hakuna mwingine ambaye angekwenda. Akamwomba ampe wiki moja.

Kwanza alijaza upepo kwenye shokapu mpaka ikakakamaa. Kudunda kukaisha, lakini binti akarudi kiuno kikimuuma, gurudumu likirukaruka juu ya mawe. Fundi akapunguza upepo, akavisha kwenye pistoni kipete cha mpira kinachosukumwa kila shokapu inapobonyea, akampandisha binti yake pale uani na kupima kwa rula shokapu imebonyea kiasi gani. Robo ya urefu wake, sawasawa na inavyotakiwa. Kesho yake, mlimani, ikadunda vilevile.

Mkewe, aliyekuwa akianika nguo, akauliza kwa upole kama begi la dawa nalo lilikuwa mgongoni mwa binti walipopima.

Halikuwapo. Begi lile lilikuwa na kilo tisa.

"Mama watoto, umeniumbua," akasema, akicheka, na kwenda kuchukua pampu.

Hali ikawa nafuu, ila haikutosha. Basi siku ya nne akafuatana na binti yake kwa miguu, maana kwenye mwinuko ule baiskeli haikumzidi mtembeaji mwendo. Macho yake yalikuwa kwenye kipete. Njia ilipozidi kuinuka, binti akainuka kitini na kutupa uzito wake wote kushoto, kulia, kushoto, kwenye gia nzito. Kila kishindo, shokapu ikakimeza.

Fundi akaitambua ile namna. Ndivyo alivyokuwa akipanda yeye, binti akiwa mdogo nyuma kwenye keria, kwenye baiskeli isiyo na gia hata moja. Akamwomba ashuke kidogo.

"Mwanangu, hivyo unavyokanyaga nilikufundisha mimi."

"Kwani ni vibaya?"

"Kwa baiskeli yetu ile hatukuwa na njia nyingine. Hii ina gia. Kaa kitini, weka gia nyepesi, miguu izunguke kama unasaga. Usitwange."

Haikuwa rahisi kwake kusema hivyo. Mtindo ule aliuringia tangu ujana. Akamwonyesha pia kishikio kidogo cha buluu cha kuibana shokapu wakati wa kupanda, ambacho siku zote hizo hawakukigusa, akamkumbusha kukilegeza akifika kwenye mawe.

Binti alijiona kichekesho, miguu ikienda mbio na baiskeli ikitambaa. Mara mbili alijisahau akainuka. Mara ya tatu kipete kikatikisika kidogo tu, naye akapita kona bila kusimama. Fundi akabaki njiani, goti likimuuma, akatafuta jiwe la kukalia.

Baada ya saa mbili binti akateremka. Alieleza kwamba mgonjwa wake, mwalimu mstaafu, alishangaa kumwona akianza kazi papo hapo. Ule uhamisho angeusubirisha mpaka mwisho wa mwaka, waone. Kisha akalitazama goti la baba yake, akalibonyeza huku na huku, na kumkaripia kwa kupanda mlima na goti bovu bila kusema kitu.

"Panda hii ushuke nayo. Mimi nitatembea."

Fundi hakuwahi kuiendesha. Akaketi, akashika breki, akaiachia taratibu juu ya mawe. Nyuma yake shokapu ilikuwa ikipumua kimya kimya, na goti halikupata hata mshtuko mmoja.