Karatasi ya Damu ya Bi Nélida

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa zahanati Jumatatu asubuhi, na kabla ya mchana mji mzima wa Paso del Sauce ulikuwa umeshalisoma. Ijumaa saa kumi jioni, katika ukumbi wa klabu, daktari mpya angezungumza juu ya nyama na afya. Wengine walicheka, wengine wakatikisa vichwa. Nélida Sequeira alilisoma mara mbili, akasonya, akaenda zake nyumbani kupasua kuni.

Alikuwa na miaka sabini na minne. Thelathini na mmoja kati ya hiyo aliimalizia jikoni kwenye ranchi moja kubwa upande wa mto, akiwapikia wachunga ng'ombe. Mumewe alikuwa mmoja wao, na alikuwa amemzika zamani. Siku hizi aliishi na mdogo wake Wilmar, dereva wa lori aliyestaafu, mtu mnene, mcheshi, asiyeinuka kwenye kiti chake ila kwa chakula.

"Usiende ukatutia aibu," Wilmar alimwambia ile Ijumaa.

"Aibu ataipata aliyeanza," Nélida akajibu, akijifunga skafu. "Vaa viatu. Unakwenda na mimi."

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama mlangoni. Omar Píriz, mwenye bucha ambaye pia ndiye mwenyekiti wa klabu, alikuwa amekaa mstari wa mbele, mikono kifuani. Daktari alikuwa mwanamke mwembamba kutoka mji mkuu, jina lake Lucía Etcheverry. Aliwaonyesha picha ya sahani, nusu yake mboga. Akasema watu wengi aliowapima tangu afike wana presha ya juu. Akasema hajaja kumkataza mtu nyama, lakini nyama nyekundu kila siku, tena yenye mafuta na chumvi nyingi, inauchosha moyo.

Nélida alisimama kabla hajaulizwa.

"Daktari, una miaka mingapi?"

Watu wakacheka. "Thelathini na mmoja, mama," daktari akasema.

"Basi umri wako wote mimi nimeumaliza jikoni. Kondoo asubuhi, kondoo mchana, kondoo usiku. Nyama na chai ya yerba, basi! Na mimi nimekula walichokula wanaume. Meno haya ni yangu. Kuni napasua mwenyewe. Wewe umewahi kushika shoka?"

"Sijawahi."

"Nilijua. Mikono laini kama ya padri."

Ukumbi ulilipuka. Omar alipiga makofi mpaka uso ukamwiva. Daktari alingoja kelele zipoe, na Nélida akaona kwamba hatetemeki, jambo ambalo lilimpendeza na kumuudhi kwa pamoja.

"Hao wanaume uliowapikia, mama," daktari akauliza, "wako wapi leo?"

"Mmoja kauawa na farasi, mmoja na pombe, mmoja na mkewe."

Kicheko tena.

"Na wengine?"

"Wengine wamekufa kama wanavyokufa watu. Au huko kwenu hamfi?"

"Tunakufa," daktari akasema. "Ila mtu mmoja mwenye afya, hata awe shujaa kama wewe, hawezi kuwa jibu la watu wote. Njoo Jumatatu nikupime damu. Tuanzie hapo."

"Nitakuja! Na mdogo wangu huyu hapa atakuja. Tunakula chungu kimoja."

"Mimi nimefanya nini?" Wilmar akanung'unika, lakini watu walikuwa wameshaanza kumshangilia.

Omar akapanda juu ya kiti. "Majibu ya Bi Nélida nitayabandika buchani kwangu! Kila mtu ayasome!"

Nélida alitembea kwenda nyumbani kifua mbele. Lakini alipoketi kuvua viatu, swali la daktari lilikuja kukaa naye. Wako wapi? Alimkumbuka Hilario, mmoja wa wale wachunga ng'ombe, aliyeanguka zizini akiwa na miaka hamsini na miwili, mkono kifuani, kofia bado kichwani. Akamkumbuka kaka wa Hilario, hivyo hivyo, mwaka uliofuata. Akajiambia ni ukoo wao. Kisha akamkumbuka wa tatu, ambaye hakuwa wa ukoo huo, akaacha kukumbuka.

Damu ilitolewa Jumatatu. Alhamisi daktari aliwaita, akampa kila mmoja bahasha yake. Ya Nélida ilikuwa nzuri: presha safi, sukari safi, mafuta ya damu yamepanda kidogo tu.

"Nilikwambia nini?" Nélida akasema.

"Uliniambia nyama na yerba, basi. Ni kweli?"

Nélida akaikunja karatasi yake. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na bustani ambayo mtu yeyote angeweza kuiona akipita njiani: maboga, kabichi, viazi vitamu, maharage. Hata kule ranchini chungu chake hakikuwahi kukosa boga. Wanaume ndio waliokuwa wakiyatenga pembeni na kuwamwagia mbwa, na yeye ndiye aliyekuwa akiyala, kwa sababu hakupenda kuona chakula kikitupwa. Ukumbini alitaka kushinda, akayafuta maboga yote kwa sentensi moja.

"Pia umetembea maisha yako yote," daktari akaendelea, "na hujawahi kuvuta sigara. Siwezi kukwambia ni kipi hasa kimekulinda. Pengine vyote, pengine na bahati. Lakini sitadanganya kwamba ni nyama, na sitadanganya kwamba nyama imekuua."

Wilmar alikuwa bado ameishika bahasha yake bila kuifungua. Dada yake akamnyang'anya. Hakuelewa tarakimu, ila alielewa uso wa daktari.

"Unatakiwa kwenda hospitali ya mkoa kupimwa moyo, bwana Wilmar. Wiki hii. Kifua huwa kinakubana?"

"Hapana," Wilmar akasema.

"Wilmar," dada yake akasema.

"Kidogo. Tangu majira ya baridi."

Wakarudi nyumbani. Getini Wilmar akamshika mkono. "Usimwambie mtu. Jumapili kuna nyama choma klabuni. Niache nile Jumapili yangu, halafu tutaona."

"Halafu utaona ukiwa wapi, mpumbavu wewe?"

"Wewe ndiye uliyesema nyama na yerba, basi," akamjibu. "Mimi nilikuamini."

Hilo lilimuuma kuliko tusi.

Jumapili moto ulikuwa umewashwa tangu asubuhi, mbavu na soseji zimetandazwa kwenye wavu kutoka ukuta hadi ukuta. Omar alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu juu ya kipande cha mbao: NYAMA IMESHINDA. Chini yake ameacha nafasi ya karatasi.

"Lete, Bi Nélida!" akaita kwenye kipaza sauti. "Lete karatasi ya ushindi!"

Wilmar alikuwa mezani, sahani imejaa mbavu za mafuta, akiongeza chumvi. Yeye ndiye aliyeshangilia kuliko wote. Nélida akapita mbele yake, akamnyang'anya Omar kipaza sauti.

"Karatasi ni yangu na haibandikwi popote," akasema. "Damu yangu ni nzuri, hilo kweli. Lakini Ijumaa ile niliwadanganya. Ninakula nyama kila siku ya Mungu, na boga ninakula, na kabichi ninakula, na mnaniona kila asubuhi natembea mpaka darajani. Mnaotaka kula kama Nélida, chukueni na jembe."

"Daktari amekununua!" mtu akapiga kelele.

"Nani huyo? Wewe Ramiro? Marehemu baba yako alijaribu kuninunua kwa farasi wawili akashindwa!"

Wakacheka, lakini kicheko hakikuwa kile cha Ijumaa. Omar akanyoosha mkono achukue kipaza sauti. Nélida hakukiachia.

"Nilipika miaka thelathini na mmoja. Niliwaona watu wakianguka wakiwa wangali vijana na nikasema ni ukoo, ni jua, ni Mungu. Sijui ni nini. Lakini mtu ambaye kifua kinambana halafu anaongeza chumvi kwa sababu mimi nilijigamba ukumbini, huyo siwezi kumnyamazia."

Hakutaja jina. Mlangoni daktari Lucía alikuwa amesimama, uso wake umeanza kung'aa. Nélida akamgeukia.

"Na wewe usichekelee! Umekuja na picha ya sahani ambayo hakuna mtu hapa aliyewahi kuila. Hujawahi kuingia jiko la mtu yeyote wa mji huu. Jumanne uje kwangu, uone tunachokula, ndipo utufundishe."

"Nitakuja," daktari akasema.

Mafuta yakalia juu ya makaa. Kisha kiti kikasukumwa. Wilmar alikuwa amesimama, jasho jembamba kwenye paji la uso.

"Ni mimi," akasema. "Karatasi yangu mimi ni mbaya. Msimzomee dada yangu." Akaisogeza sahani mbele ya Ramiro, akatoka nje.

Ile mbao ilibaki ukutani hadi jioni, nafasi yake tupu.

Kesho yake ndugu hao wawili walipanda basi la alfajiri. Hospitalini waligundua mshipa wa moyo wa Wilmar ulikuwa karibu kuziba. Wakauzibua. Tabibu aliyemhudumia alimwambia Nélida kwamba bila hivyo asingeweza kumwahidi hata mwezi mmoja zaidi wa kuishi. Miadi na daktari Lucía ikasogezwa mbele wiki mbili. Alikuja kweli, akakaa jikoni, akamenya maboga vibaya sana, akachekwa, akamenya tena.

Tangu hapo kila asubuhi Nélida humtoa mdogo wake kitandani na kumtembeza mpaka darajani. Wilmar humtukana kwenda na kurudi. Buchani kwa Omar Nélida bado anakwenda, na Omar, ambaye kwa mwezi mzima hakumsalimu, sasa humkatia mnofu bila kuambiwa na kutoa mafuta yote kimya kimya, kama mtu anayefanya jambo la siri.

Jumapili moja daktari alialikwa chakula. Nélida alipakua supu ya kondoo, nusu nyama nusu boga. Wilmar alipewa kuku wa kuchemsha, akamtazama kama adui. Nélida akakata kipande chembamba cha kondoo, akakiweka juu ya sahani ya mdogo wake.

Daktari akafungua mdomo.

"Nani amekuuliza?" Nélida akasema. "Wewe kula, supu inapoa."

Daktari akala. Wilmar alikigawa kile kipande mara sita, akala polepole sana, macho yamefumbwa.