Tope la Kopo la Siagi

Mimi ni mtu wa usafi, na kwa hilo sitaki mzaha. Miaka kumi na minane nilifanya kazi maabara ya hospitali, na huko kijidudu ni adui: ukimwona, muue. Nilipohamia maabara ya bahari nilikuja na mikono ile ile na galoni langu la klorini. Mirija ya kuchukulia tope niliiosha mpaka ikang'aa. Wenzangu wakanibandika jina, Mama Klorini. Nikalipokea kwa furaha.

Kazi yetu ilikuwa hori la bahari, mkono wa maji unaoingia nchi kavu, pale kiwanda cha rangi kilipomwaga uchafu wake kabla hakijafungwa. Tope lililo hai limejaa vijidudu, na vijidudu hivyo hupumua kama mimi na wewe. Unalikoroga na maji ya bahari, unazamisha kipimo, unatazama oksijeni ikishuka. Tulipima mara tatu, na mara zote tatu oksijeni haikutikisika. Halmashauri ikasema basi, hori limekufa, lifukiwe kwa mawe yajengwe maegesho ya magari. Ripoti ilitakiwa Ijumaa, na sahihi yangu ilikuwa chini yake.

Sasa, mdogo wangu, tumbo moja mimi na yeye, amelea watoto watatu kwa kuchimba kome humo humo horini. Alhamisi asubuhi alinivamia maabara, matope mpaka magotini, kopo la siagi mkononi.

"Dada, pima hili."

"Umenikanyagia sakafu yangu!"

"Nimekanyaga. Pima."

"Tumeshapima mara tatu. Limekufa."

"Limekufa, halafu linanuka mayai viza? Kinachooza kina wa kukiozesha. Mwaka juzi lilinuka rangi tu. Mimi nainama humo kila siku. Wewe unainama wapi?"

"Pua yako si kipimo."

"Haya, kilete hicho kipimo chako tukione!"

Nilipima ili anyamaze. Nikakoroga tope na maji yake humo humo koponi, nikazamisha kipimo. Oksijeni saba. Sita na nusu. Nikakigonga. Nne. Nikakitoa, nikakifuta, nikakoroga upya, nikakirudisha. Namba zikaanza kushuka tena, na mdogo wangu, hana adabu yule, akawa anazisoma kwa sauti.

"Umechimba wapi?" nikamuuliza.

"Pale pale penye vijiti vyenu vya alama."

Tope lile lile. Kilichobadilika ni chombo tu. Nilichukua mrija wangu mmoja kabatini, msafi, unameta, nikaupeleka puani. Klorini ilinipanda mpaka machozi yakanitoka. Nilikuwa naiosha mirija bila kuisuuza vizuri, mazoea ya hospitali hayo. Nikakaa sakafuni penye matope ya mdogo wangu. Tope halikuwa limekufa. Niliyekuwa naliua ni mimi, njiani, kabla halijafika mezani.

Niliifikiria kazi yangu, sitaficha. Ningeweza kusingizia kipimo. Lakini yeye alikuwa amesimama pale ananitazama, kopo kalikumbatia kifuani. Nikainuka, nikaenda kwa mkuu.

Mkuu wetu ni mama mpole, na mpole akikasirika utamjua. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Mara zote tatu?"

"Zote, mkuu. Ni mimi."

"Kesho utakwenda halmashauri ukayaseme haya kwa mdomo wako. Kisha utapima upya mbele yao."

Nikaenda, nikayasema, aibu imenijaa tele. Halafu tukateremka horini na mirija iliyosuuzwa kwa maji ya bahari mara kumi. Mhandisi wa halmashauri alisimama karibu yangu. Nilipolimimina tope, harufu ya mayai viza ikatupiga sote.

"Lo! Nini tena hiki?" mhandisi akaziba pua.

"Vuta tu, mhandisi," mdogo wangu akamwambia. "Wenyewe hao wanapumua."

Oksijeni ilishuka mpaka sifuri. Mhandisi aliitazama ile namba, akakunja ramani ya maegesho, akasema hakuna kufukia. Mdogo wangu alinirukia na matope yake yote, nami nikalia bila haya. Barua ya onyo nilipewa wiki iliyofuata. Niliistahili.

Kopo la siagi liko dirishani maabara mpaka leo, na tope lake ndani. Limeota utando wa kijani juu, chini jeusi tititi, na linanuka kwelikweli. Jana mhudumu mpya alilichukua akalioshe. Nilimfokea mpaka jengo zima likasikia.