Kaimu Mteule

Mwinjilisti alikuwa mlangoni akipiga viatu rangi, kiatu kimoja mkononi na kingine mguuni, Bibi Vifungo alipotoka mlango wa pili na kumwambia kwamba goti lake limefika mwisho, madaktari wamempa kitanda, na kwa hiyo anaomba amwitikie Mungu kwa niaba yake mpaka atakaporudi.

Walikuwa majirani wa ukuta mmoja, ghorofa ya juu kabisa. Bibi Vifungo aliuza vifungo, zipu na nyuzi katika kiduka kilichokuwa chini ya jengo hilo hilo. Alikuwa Myahudi, wa mwisho mtaani. Wenzake walikuwa wamehama au wamezikwa. Kila alfajiri sauti ilipanda ngazi ikamwita kwa jina, naye akaitika, "Mimi hapa." Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama ya mtu aliyesahau funguo na hataki kuamsha nyumba nzima. Zamani mwenye jengo alibandika tangazo kwamba ni marufuku kuitana ngazini kabla ya jua kuchomoza, lakini sauti haikulijali, na tangazo likafifia likaanguka. Wapangaji waliizoea kama walivyoizoea pampu ya maji.

Aliyeionea tabu ni Mwinjilisti peke yake. Siku za kazi alisoma mita za maji nyumba kwa nyumba; Jumapili, kabla ya ibada, alifundisha darasa la waumini wapya. Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa kwamba Mungu aliwateua Wayahudi, wakamchosha, akauhamishia uteule kanisani, kama mwenye nyumba anavyomtoa mpangaji mkorofi na kumweka mstaarabu. Mkewe aliwahi kumuuliza kwa nini basi sauti ilikuwa bado inaita mlango wa pili. Alimjibu kwamba hayo ni mazoea tu, kama mtu anayepiga simu kwenye namba ya zamani.

"Ataita jina gani?" akamuuliza Bibi Vifungo, akikiweka kiatu chini.

"La atakayeitika. Wewe itika tu, mwanangu. Ukinyamaza ataita tena, na tena. Hachoki. Mimi nimemzoea, na mama yangu alimzoea, lakini hospitali ni mbali, na wodini tutakuwa wengi. Sitaki aanze kunitafuta kitanda kwa kitanda."

Mwinjilisti alikubali kwa unyenyekevu, ila moyo ulimruka. Aliingia ndani akamwambia mkewe kwamba mambo yamejinyoosha yenyewe. Uteule umekuja kwa miguu yake mpaka mlangoni. Mkewe alikuwa mwoka mikate, mtu asiyependa makuu. Alimaliza kwanza kufunga kilemba chake.

"Umeteuliwa au unakaimu?"

"Kuna tofauti gani?"

"Kaimu hupewa kazi yote. Kiti hapewi."

Alfajiri iliyofuata sauti ilipanda ngazi ikamwita kwa jina lake la utotoni, lile ambalo marehemu baba yake tu ndiye aliyelitumia. Alikuwa tayari, amevaa koti na tai. "Mimi hapa," akasema. Kikamshukia begani kitu chenye uzito, si wa kuvunja mgongo, bali kama kiganja cha mtu mzima anayekuegemea ili aone unachoandika. Kisha sauti ikasema, "Mgeni," ikashuka zake.

Alidhani amepewa kichwa cha mahubiri. Lakini nyuma ya nyumba moja ya kupangisha kulikuwa na stoo, na ndani ya stoo aliishi mtu kutoka nchi nyingine, na mita ilikuwa juu ya godoro lake. Kwa miaka Mwinjilisti alikuwa akiisoma kwa kuinama juu ya miguu ya mtu huyo na kusema samahani. Siku hiyo aliona kwamba mwenye nyumba alikuwa amemkatia maji yule bwana, na alipotaka kutoka, miguu ilikataa. Uzito begani haukumsukuma wala kumvuta. Ulimngoja. Ikabidi aende kugombana na mwenye nyumba mpaka bomba likafunguliwa, na sehemu kubwa ya mtaa haikusomwa. Msimamizi wake alimuuliza anaumwa nini. Akasema ameteuliwa. Msimamizi akaandika kwamba anaumwa.

Kesho yake sauti ilisema, "Mizani," na siku iliyofuata, "Yatima," na kila neno lilikuja na shughuli yake na ugomvi wake. Alikuwa amedhani kuteuliwa ni kukaa mbele. Aligundua kwamba ni kuwa kifungua mimba wa nyumba kubwa: wa kwanza kuamshwa, wa mwisho kusamehewa.

Halafu kulikuwa na uchafu. Maganda ya viazi, majivu, maji yaliyooshewa samaki. Siku zote alikuwa akiuona mlangoni kwa Bibi Vifungo, akijiambia labda ni upepo, labda ni paka, na hakuuliza zaidi kwa sababu upepo huo haukuwahi kukosea ukaja kwake. Sasa alifungua mlango akamkuta Mama Kwaya, yule aliyeongoza waimbaji kanisani kwa sauti tamu kama asali, akimalizia kumwaga ndoo juu ya mkeka wa kufutia miguu.

"Mama Kwaya, ni mimi."

"Nakuona, Mwinjilisti. Bwana asifiwe." Akaigonga ndoo kitakoni ili yatoke yote. "Usinielewe vibaya, sikukulenga wewe. Mlango unaoitwa ndio tunaoumwagia. Nilikuta wenzangu wanafanya hivyo."

Alimuuliza kama aliwahi kujua sababu. Mama Kwaya akafikiri kwa uaminifu kabisa, akasema hapana, hakuwahi, kisha akashuka polepole akilalamikia mgongo.

Mambo yakaendelea hivyo. Alipobisha hodi kusoma mita, watu walifungua mlango nusu. Walioishiwa maji walisema yeye ndiye aliyeyamaliza. Waliokuwa na maji mengi walisema bila shaka anayaonea wivu. Kwenye ukuta wa ngazi mtu aliandika kwa mkaa kwamba arudi kwao, naye alikuwa amezaliwa jengo la ng'ambo, dirisha linaonekana. Kwenye kiwanda cha mikate alikofanya kazi, wateja walimuuliza mkewe ni mikate ipi aliyoikanda yeye, wakachukua mingine. Alirudi jioni nayo kikapuni, akaipanga mezani, kisha akauliza swali lile lile la kila siku: Bibi anatoka lini?

Ijumaa tu ndiyo ilikuwa tofauti. Jua lilipoanza kuzama, Sabato ya Bibi ikiingia, mikono ya Mwinjilisti iliweka chini bisibisi na ikakataa kuishika tena, na ya mkewe ikaacha ufagio katikati ya chumba. Walikaa. Hawakuwa wamekaa pamoja hivyo tangu walipooana, bila kushona kitu, bila kuhesabu kitu. Ule uzito ukatoka begani ukakaa kwenye kiti cha tatu, na kiti kikalia kidogo. Mkewe akaleta sahani nyingine, akapakua. Walizungumza mpaka taa ikajizimia yenyewe kwa kukosa mafuta, na hakuna aliyeinuka kuiongezea. Mkewe alisema kwamba kwa hili, kwa kweli, mtu angeweza kuvumilia mengi. Asubuhi walikuta maganda yamefika mpaka kwenye kitasa.

Jumapili sauti ilisema, "Ulimi." Mwinjilisti alisimama mbele ya darasa lake akafungua kinywa kutoa mfano wa mpangaji mkorofi, na ulimi ukagoma, ukalala chali mdomoni kama samaki. Alijaribu tena. Kilichotoka ni kwamba Mungu hajamfukuza mtu.

"Nyumba ni ya wale walioitwa kwanza," alijisikia akisema. "Sisi tulikaribishwa. Tulikuta meza imeandaliwa, tukakaa, tukala, tukashiba, kisha tukaanza kuulizana hawa wenye nyumba wanafanya nini hapa."

Darasa liliacha kuandika. Mchungaji, aliyekuwa akisikiliza dirishani, alimwita pembeni, akamshika mkono kwa upole, akamwambia apumzike na darasa atapewa mwingine mpaka hali yake itakapotengemaa. Alisema kila mtu anaona jinsi alivyochoka. Alisema pia, kwa sauti ya chini, kwamba yote hayo huenda ni kweli, lakini si ya kuwaambia waumini wapya.

Usiku ule mkewe hakulia. Alisema tu kwamba akifukuzwa kazi watakula ile mikate iliyobaki, na ikiisha hajui.

Bibi Vifungo alirudi siku iliyofuata, akiegemea fimbo, goti limefungwa bendeji nene. Mwinjilisti alimshikia mfuko na kumpandisha ngazi moja baada ya nyingine. Bibi aliyatazama maandishi ya mkaa ukutani, akautazama mkeka wa jirani yake uliokuwa bado umelowa. Alishukuru, akaingia kwake, akafunga.

Alfajiri sauti ilipanda, ikasimama katikati ya milango miwili, ikamwita Mwinjilisti kwa jina lake la utotoni.

Alikuwa macho. Mkewe naye alikuwa macho. Aliutafuta mkono wa mumewe chini ya shuka akaushika. Sauti ikaita tena. Haikukasirika. Ilikuwa inamwita kama baba yake alivyokuwa akimwita kula, na Mwinjilisti akauma ncha ya mto. Ikaita tena. Uzito ulikuwa begani, unangoja, na kilichomtisha zaidi ni kwamba haukuwa na haraka.

Ng'ambo ya ukuta kitanda kililia. Walisikia fimbo ikitafutwa sakafuni, ikaanguka, ikatafutwa upya. Walisikia goti bichi likikanyagiwa, na Bibi akivuta pumzi kwa meno, kisha hatua, kisha komeo.

"Mimi hapa," akasema Bibi Vifungo.

Bega likawa jepesi. Mwinjilisti alilala pale pale, usingizi mzito wa mtoto, na mkewe aliyepaswa kuwahi kuwasha tanuri alilala pia, kwa mara ya kwanza akachelewa kazini, na hakuna aliyemsema.

Walikutana mchana kwenye ngazi. Mwinjilisti alikuwa ameandaa maneno ya kuomba radhi, lakini Bibi Vifungo ndiye aliyeanza. Alimwambia kwamba kule wodini alfajiri zilikuwa kimya, na ukimya ule ulimtesa kuliko goti. Alikuwa akiamka kabla ya wauguzi na kukaa kitandani akisikiliza.

"Niliogopa amekupenda zaidi," akasema. "Alipoita jina lako nikajua basi, nimekwisha. Mara ukanyamaza." Alicheka, akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Nakushukuru kwa kunyamaza, mwanangu."

"Ni yako, Bibi," akasema Mwinjilisti. "Ilikuwa yako tangu mwanzo."

Alilisema kwa moyo wake wote, na hakuwa na shaka nalo hata chembe. Wakaagana, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma.

Juma halikwisha kabla mikate haijaanza kununuliwa bila maswali. Msimamizi aliandika kwamba mgonjwa amepona. Mchungaji akamrudishia darasa, na Jumapili Mwinjilisti alisimama akatoa mfano wa mwenye nyumba na mpangaji mkorofi, mfano mzima, kuanzia kodi hadi kufuli jipya, na ulimi ukatii kama zamani. Waumini wapya waliandika. Mmoja aliuliza kama mpangaji wa kwanza alipata pa kwenda, naye akajibu kwamba hilo ni somo la baadaye.

Jumatatu alitoka na mkoba wake wa kazi. Mama Kwaya alikuwa ameinama mlangoni kwa Bibi Vifungo, akiigonga ndoo kitakoni. Alimwamkia, akamuuliza kama ni kweli amerudishiwa darasa. Akasema ni kweli. Mama Kwaya akamshukuru Mungu, akamkumbusha kwamba mazoezi ya kwaya yamesogezwa mbele.

Mwinjilisti alimshukuru kwa taarifa. Aliruka maganda kwa uangalifu, asije akachafua viatu, na kwa jinsi mwili ulivyokuwa mwepesi akashuka ngazi mbili mbili, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu ujana wake.