Obonyo Hahami

Mimi sina wivu. Muulize mtu yeyote hapa mtaani Manyatta, Kisumu, atakwambia Wechuli fundi wa friji ni mtu mpole. Lakini hebu niambie, mwanamume gani atatoka kanisani Jumapili, akae kwake akingoja chakula, huku sauti ya mwanamume mwingine inamsifu bibi yake kutoka kwenye kompyuta?

Mwanamume huyo anaitwa Obonyo. Alisoma na bibi yangu, Akello, pale Maseno, na walikuwa wapenzi kabla mimi sijamjua. Siku moja walienda kwenye ngoma ya ohangla, Obonyo akafanya pakruok. Kama hujaishi na Wajaluo, pakruok ni hivi: wimbo ukikolea unainuka, unasimamisha bendi, unamtunza mwimbaji pesa, halafu unashika maikrofoni na kujisifu, au kumsifu unayempenda. Bendi ikirudi, mwimbaji anayatia ndani ya wimbo majina yote uliyoyataja. Obonyo alimsifu Akello nyar Awasi, yaani binti wa Awasi, kwa maneno matamu kabisa, mpaka akina mama wakapiga vigelegele. Kuna mtu alirekodi. Akello akaitunza ile rekodi kwenye kompyuta yake pamoja na nyimbo zake zote, benga, rumba na za injili, na tulipooana akaja nayo kwangu pamoja na masufuria.

Miaka yote hiyo nimevumilia. Obonyo mwenyewe siku hizi yuko Muhoroni, ana trekta la kubeba miwa, ana bibi, ana kitambi. Sina shida na yeye. Shida yangu ni ile sauti yake ya ujana, haizeeki. Mimi naota mvi, na yeye kila Jumapili ni kijana tu, amesimama mbele ya bendi na bibi yangu.

Basi kompyuta ikaanza kufa. Ukiiwasha inanguruma kama mashine ya kusaga posho, halafu inazimika yenyewe. Nikanunua nyingine upesi, kwa moyo mkunjufu mpaka Akello akashangaa. Akasema kwa vile mimi ndiye fundi, nimhamishie nyimbo zake. Nikamjibu hakuna taabu, Mama Shantel. Shantel ni binti yetu.

Jumamosi asubuhi nikaziweka kompyuta zote mbili mezani, nikachomeka flashi, nikaanza kuhamisha folda moja baada ya nyingine. Rumba ikaenda. Benga ikaenda. Za injili na zile za watoto za Shantel zikaenda. Folda yenye Obonyo nikaipita kama mtu nisiyemjua. Kompyuta ya zamani ilikuwa ifutwe kila kitu, iende kwa dada yangu Naswa kule Bungoma. Ikishafutwa, nani atanishtaki?

Kumbe Akello alikuwa nyuma yangu, anachagua mchele kwenye sinia.

"Baba Shantel," akasema, "umeacha moja."

Nikajifanya sijasikia. Akarudia. Hapo damu ikanichemka, nikamwambia yote: kwamba nyumba ni yangu, kompyuta nimenunua mimi, na nimechoka kulishwa Obonyo pamoja na ugali. Nikamuuliza kama bado anampenda. Akacheka, tena si kwa dharau, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Akasema hata sura ya Obonyo haikumbuki vizuri. Anachopenda ni kusikia jina lake likiimbwa.

"Yeye alinisifu mbele ya watu," akasema. "Wewe umenisifu wapi?"

Nilitaka kumwambia kwetu Waluhya mtu anamsifu fahali wake, bibi anajua tu. Nikaona heri nilimeze na chai. Nikahamisha ile folda kwa mkono mzito, na wivu wangu ukahama nayo.

Wiki iliyofuata mdogo wake Akello, Tom, alikuwa anaoa kule kwao Awasi, na bendi ya ohangla ilikuwa imealikwa. Wiki nzima, nikitengeneza friji za wauza samaki pale Dunga, nilikuwa nafanya mazoezi ya kumsifu bibi yangu, wateja wakidhani naongea na mitambo. Nilitaka Obonyo azikwe siku hiyo, mbele ya mashemeji zangu wote.

Siku ya harusi, wimbo ulipokolea, nikainuka na suti yangu. Nikasikia mzee mmoja akiuliza huyu Mluhya anaenda wapi. Nikasimamisha bendi, nikamtunza mwimbaji vizuri, nikashika maikrofoni. Maneno yote niliyoyapanga yakanitoroka. Niliyemwona ni Akello tu, ameinua simu ananirekodi, mdomo wazi.

"Mimi ni Wechuli, fundi wa friji, mume wa Akello nyar Awasi," nikasema.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu wa maana. Lakini wivu ulikataa nishushe maikrofoni.

"Nampenda kuliko Obonyo wa Muhoroni alivyowahi kumpenda."

Watu wakaangua kicheko. Bendi ikarudi, na mwimbaji, ambaye hajui habari zetu, akafanya kazi yake. Jina ni jina, limetajwa na mtu aliyetunza. Akamwimba Wechuli kidogo. Akamwimba Akello. Halafu akamfikia Obonyo wa Muhoroni, akaona jina hilo linakaa vizuri kwenye ngoma, akalizungusha, akalirudia, akina mama wakaitikia. Na mimi nimesimama palepale katikati, jasho linanitoka, natabasamu, Obonyo anasifiwa kwa pesa yangu.

Akello alicheka mpaka akatokwa na machozi. Njia nzima ya kurudi Kisumu aliniegemea begani, akiniita fundi wa friji, akirudia rudia.

Rekodi hiyo aliihamisha mwenyewe kwenye kompyuta mpya. Ile rekodi ya zamani haigusi tena. Jumapili anacheza yangu tu, ikiisha anairudisha mwanzo. Nilichokitaka nimekipata. Lakini tukiwa mezani Shantel naye anaimba, ameushika wimbo wote, na pale anapopaza sauti si kwenye jina la baba yake. Ni kwenye lile la Obonyo wa Muhoroni. Na kumfuta siwezi, maana nikimfuta yeye, nimejifuta na mimi.