Kamba ya Mawe Chini ya Chokaa

"Hili ni jengo la juzi, mama," Sefu akamwambia Biasha.

Sefu alitoka Mombasa, kazi yake kukadiria umri wa majengo ya kale. Mzungu aliyenunua ufuo wa Munje alitaka kuubomoa ule msikiti mdogo ajenge hoteli, akidai eti ulikuwa ghala tu. Serikali ikasema: ukiwa wa kale usiguswe, ukiwa mpya na ubomolewe.

"Mwanangu, tazama vyema. Kibla, hapo anaposimama imamu, ina kamba iliyochongwa kwenye jiwe, imelizunguka tao lote. Bibi yangu alikuwa akinisimulia."

"Mimi naona chokaa tupu."

Na kweli. Kila Shaabani wanawake wa Munje waliipaka kibla chokaa, juu ya ile ya mwaka uliopita, wakitafuta thawabu. Mikono ya Biasha mwenyewe ndiyo iliyoifukia ile kamba.

"Na nikiibandua?"

"Mimi sina ruhusa ya kubandua. Gari la Likoni linapita alasiri. Nitakachokiona kabla ya hapo, ndicho nitakachokiandika."

Biasha akailowesha chokaa kwa maji, akashika kombe la chaza, akaanza kukwangua. Kaka yake Chirau, imamu wa pale, akaingia mbio.

"We Biasha! Umekuwa panya wa kuitafuna nyumba ya Mungu?"

"Kaka, nitukane kesho. Leo nikwangulie upande ule."

"Kibla, Biasha! Kibla!"

"Wao wataikwangua kwa tingatinga."

Chirau akasogea kando. Hakumsaidia, wala hakumzuia. Adhuhuri ikasaliwa nje, uani.

Chokaa ilitoka unga, kisha magamba. Kucha zikachanika. Lakini kamba haikuonekana! Chumvi ilikuwa imelila jiwe kwa ndani, na kila gamba lilitoka na jiwe lake, likimeguka kama mkate mkavu. Biasha akawa analia huku anakwangua. Akiacha, wamekwisha; akiendelea, anaimaliza kamba kwa mkono wake.

Mara bamba zima la chokaa likamdondokea viganjani. Akaligeuza alitupe, akaganda. Kwa nyuma, chokaa ya kwanza kabisa ilikuwa imeishika alama ya kamba, msokoto kwa msokoto.

"Usitikisike, mama!" Sefu akaruka na kamera yake. Akapiga picha, akalitazama bamba mpaka jasho likamtiririka. "Matumbawe yamechongwa yangali mabichi, laini. Na msokoto wa namna hii mafundi wa juzi hawaujui. Huu msikiti haupungui miaka mia tatu."

"Basi haubomolewi?"

"Kwa nitakachoandika mimi, haubomolewi."

Biasha akafungua kinywa apige kigelegele, akamwona kaka yake. Chirau alikuwa amesimama mbele ya tao lililochunika, likiwa na mashimo kama uso wa mgonjwa wa ndui.

"Na kamba yenyewe, dada?"

Sakafuni vumbi la chokaa na la jiwe lilikuwa limechanganyika, halitambulikani lipi ni lipi. Biasha akatandika leso yake, akaanza kulizoa kwa viganja, kwani ufagio hakuthubutu kuushika.