Pasi na Kiko cha Mzee Lukumani

Mimi ni dobi, na sijawahi kuionea aibu kazi yangu. Siku zile za Wabelgiji mashati ya makarani wa Kasongo yalipita mikononi mwangu, na hakuna aliyerudi kulalamika. Kwa hiyo nilipokwenda Kabambare kumposa Subira, nilikwenda kifua mbele.

Baba yake, mzee Lukumani, hakunijibu ndiyo wala hapana. Kwao mkwe hupimwa kwanza: hupewa kitu cha mzee akitunze hadi siku ya jibu. Mimi nilikabidhiwa kiko chake cha mti, alichokivuta tangu ujana.

"Ijumaa ya pili nitafika Kasongo," alisema. "Ile siku utanirudishia, na mimi nitakujibu."

Nikakitia kwenye mfuko mmoja na pampu ya chuma, nikaufunga nyuma ya baiskeli. Ujinga wangu ndio huo. Nilipofika nyumbani kiko kilikuwa kimebonyea mahali patatu, na mikwaruzo kama kuku amekichakura. Moyo uliniuma kweli, maana nilijua nimempoteza Subira kwa uzembe.

Nikampelekea Placide, seremala wa mtaani kwetu. Alikigeuza, akatikisa kichwa. "Nitakwangua mpaka mashimo iishe," alisema, "lakini itabakia nyembamba, na moto itaitoboa. Uachane nayo, ndugu yangu."

Maneno yale yalinikera. Shati likikunjamana, nani hukata mikunjo kwa mkasi? Mti ule haukupotea, ulikuwa umekandamizwa ukalala tu. Nikarudi kwangu, nikatia makaa kwenye pasi, nikalowesha kitambaa cha pamba na kukikamua. Nikakiweka juu ya shimo la kwanza, nikagusa kwa ncha ya pasi. Mvuke ukatoka. Nilipoinua kitambaa, shimo lilikuwa limepungua. Nikarudia, na tena, hadi kidole hakikuhisi kitu. Mikwaruzo niliisugua kwa jani la msasa, lile gumu la kulainishia mti, nikamalizia kwa nta ya nyuki. Mkono ulinoga, nikaondoa kila alama niliyoiona, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Ijumaa mzee akafika na Subira. Majirani wakajaa uani, na Placide akiwa mbele. Mzee akakigeuza kiko, uso ukamkunjika.

"Hii si yangu," alisema. "Yangu ilikuwa na kidonda hapa. Ilianguka juu ya jiwe siku Subira alizaliwa. Umepoteza yangu, umeniletea ya soko."

Nilikuwa nimenyoosha hata kile nisichoombwa. Lakini hasira ikazidi woga.

"Baba, unipe fimbo yako."

Akanipa. Nikaigonga kwa ukingo wa nyundo ya Placide mbele ya macho yake, ikabonyea. Watu wakashika midomo, maana mkwe haigongi fimbo ya mzee. Pasi yangu ilikuwa bado na moto wa kazi ya asubuhi. Nikaweka kitambaa kibichi, nikagusa mara tatu, nikamrudishia.

Mzee akapapasa, akapapasa tena, akampa Placide. Placide naye akapapasa, akalitafuta shimo kwa ukucha asilione, na hilo lilikuwa tamu kwangu kuliko asali.

Ndipo mzee akajaza tumbaku kwenye kiko, akavuta taratibu.

"Utamu ni ule ule," alisema. "Ni yangu. Mutu mwenye kunyoosha muti, labda ataweza na kichwa ya huyu mutoto wangu. Yenyewe iko nguvu kupita muti."

Subira, aliyekuwa amesimama mlangoni, akakaza kitenge chake kiunoni.

"Mimi nilishakubali tangu Kabambare, Baba," alisema. "Ni wewe na kiko yako tu tulikuwa tunangojea."

Nikapiga kigelegele mwenyewe, mwanamume mzima, na mtaa wote ukasikia.