Mijusi Kumi na Wawili wa Veit

Tegeni masikio, wajukuu zangu, mnitegulie: nina mdomo lakini sijawahi kula, nina tumbo lakini sijawahi kushiba, na wageni wakishaondoka nafungiwa kabatini. Kimya? Basi nipeni mji. Mmenipa Nuremberg? Asanteni, ndiko ninakokaa tayari. Jibu ni kikombe cha fedha.

Na hapa mtaani kwetu kwa wafua fedha, hakuna aliyekijua kikombe kumshinda Veit. Hayo ni maoni ya Veit. Ukitaka kuwa fundi mkuu, ufungue karakana na uruhusiwe kuoa, chama cha mafundi kinakupa kielelezo: kikombe chenye umbo la ua, matumbo sita yaliyobinuka kama petali, ukingo laini. Ukitengeneze vilevile, basi. Ukikosa mara tatu, utafanyia kazi watu wengine mpaka kaburini, tena bila mke. Veit alikuwa amekwisha kukosa mara mbili.

Mwenye akili angefuata kielelezo. Veit alikionea huruma, maskini, kwa kukosa mapambo. Akanunua michoro ya mtindo wa Italia, akakibandika kikombe chake cha tatu vichwa vya kondoo, miungu wa kike wasio na nguo, baridi yote hii, na kuzunguka ukingo, mijusi kumi na wawili.

Apollonia, mchumba wake wa miaka sita, akamfuata karakanani.

"Hivi wewe Veit, unanioa mimi au unaoa kikombe?"

Veit alikuwa na mrija wa kupulizia moto mdomoni. Akaendelea kupuliza. Mrija haujawahi kumfaa mtu namna ile.

Siku ya ukaguzi, Mzee Linhart, mkuu wa wakaguzi, akamimina divai, akainua kikombe. Mjusi akamwingia puani. Akakigeuza, pembe ya kondoo ikamchoma shavu. Divai yote ikaishia ndevuni.

"Kazi safi, kijana," akasema akijifuta. "Ndevu zangu zimelewa. Mimi bado."

Wenzake wakacheka mpaka wakashika mbavu.

"Sikiliza, mwanangu. Msumeno ninao: wakate hao mijusi na kondoo hapa hapa, mbele yetu, tukupitishe. Hutaki, basi hii ndiyo ya tatu."

"Lakini mzee wangu, hao mijusi ni kazi ya miezi mitatu!"

"Na mimi ni miaka sita," akasema Apollonia, aliyesimama mlangoni na jagi la divai. "Tena nilikuuliza swali, hukunijibu."

Veit akawatazama mijusi wake mmoja mmoja, kama mama anayeaga wanawe. Kisha akamnyooshea Linhart mkono, ampe msumeno.

"Naoa mtu," akasema.